Kabla ya neno la kwanza

Wazazi wengi wanaokuja kuniona huanza na swali hilohilo: "Mwanangu ametimiza mwaka na zaidi, mbona bado haongei?" Nawaelewa, maana neno ndilo linalosikika hadi kwa jirani. Lakini kabla ya kuhesabu maneno, mimi huuliza mengine. Ukimwita jina lake, anageuka? Akitaka kitu asichokifikia, anakujulishaje? Ukimwambia "lete kiatu" bila kunyoosha mkono, anakwenda kukichukua? Mtoto ambaye hajatamka neno hata moja lakini anafanya hayo yote, yuko katika mazungumzo tayari. Nafanya kazi ya tiba ya usemi na lugha, na huu mwaka wa kwanza ndio ninaotaka watu wautazame kwa makini zaidi.

Kusikia huanza tumboni, karibu miezi mitatu kabla ya kuzaliwa. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, waliwapa watoto wachanga wa siku chache tu chuchu bandia iliyounganishwa na kinasa sauti. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani, alisikia sauti ya mama yake. Akinyonya kwa mwendo mwingine, sauti ya mwanamke mwingine. Watoto wale walibadili mwendo wa kunyonya ili wamsikie mama. Kwa hiyo bibi anayesema kwamba mtoto anaijua sauti ya mamaye tangu siku ya kwanza, anasema kweli kabisa.

Karibu na miezi miwili huja zile sauti laini, "aguu" na "eee". Mwongeleshe, kisha nyamaza, umtazame. Utaona anatikisa miguu, anafungua mdomo, anatoa sauti, halafu anakusubiri wewe. Hiyo ni zamu, na mazungumzo yote ya binadamu yamejengwa juu ya zamu. Katika miaka ya 1970 mtafiti Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wa miezi michache, kisha ghafla wabaki wamewakodolea macho bila tabasamu wala jibu. Mtoto hutabasamu, hupiga kelele, hunyoosha mikono, hujaribu kila alicho nacho. Akikosa jibu hugeuza uso, na wengi hulia. Kilichomuumiza si ukimya wa dakika mbili. Ni kuongea asijibiwe. Ndiyo maana namwomba kila mama, na dada anayelea mtoto pia, simu iwekwe kando walau wakati wa kunyonyesha, kulisha na kuogesha.

Kati ya miezi sita na kumi mtoto huanza kubwabwaja: ba-ba-ba, ma-ma-ma, da-da-da. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo bwabwajo la mtoto wetu linafanana sana na maneno halisi, na baba wengi husherehekea mapema. Wasikatazwe. Mtoto bado hamaanishi baba yake, lakini akishangiliwa kila anapoitoa sauti hiyo, maana itakuja.

Hapa ndipo panaponitia wasiwasi kuliko kwingine. Mtoto kiziwi hulia na kutoa zile "aguu" za mwanzo kama watoto wenzake, na familia haishuku kitu. Bwabwajo la silabi ndilo linalochelewa. Mtoto wa miezi kumi asiyebwabwaja anahitaji kupimwa masikio, hasa kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, alipata manjano kali baada ya kuzaliwa, au alichomwa sindano za jentamisini, dawa ya kuua bakteria. Kupiga makofi nyuma yake hakutoshi, kwa sababu huenda akageuka kwa kuona kivuli au kuhisi mtikisiko wa hewa. Lengo linalotumika kimataifa ni mtoto achunguzwe usikivu kabla ya mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kufikia miezi mitatu, na msaada uanze kufikia miezi sita. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji wa vifaa vya usikivu mwaka 2017, lakini vifaa hivyo humsaidia zaidi mtoto aliyegunduliwa mapema. Na lugha ya alama ni lugha kamili: mtoto kiziwi anayeongeleshwa kwa alama hubwabwaja kwa vidole vyake.

Kuhusu televisheni, nina jibu la wazi. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle walichapisha utafiti juu ya watoto wa Kimarekani wa miezi tisa waliosikilizishwa Kichina kwa vipindi 12. Waliochezeshwa na mtu hai walijifunza kutofautisha sauti za lugha ile. Waliowekewa mtu yuleyule kwenye video hawakujifunza chochote. Katuni haimsubiri mtoto amalize zamu yake.

Kisha kinakuja kidole, kati ya miezi tisa na kumi na minne hivi. Kuna kidole cha kuomba: "nipe ile ndizi." Kipo pia kingine, ninachokisubiri kwa hamu zaidi, cha mtoto anayeonyesha ndege au mbuzi, kisha anakugeukia usoni kuhakikisha nawe umeona. Haombi chochote. Anataka mshirikiane alichokiona. Ukimjibu "eeh, mbuzi! mbuzi anakula majani," umempa neno wakati uleule anapolitaka, na somo zuri kuliko hilo silijui.

Maneno yakianza, usitishwe na vipande vinavyokosekana. Kamil Deen, aliyechunguza watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, alionyesha kwamba mara nyingi huacha kiambishi cha mwanzo wa kitenzi. "Taka maji" ni hatua ya kawaida. Nyumba yenye Kisukuma cha bibi na Kiswahili cha mama haimcheleweshi mtoto. Hesabu maneno ya lugha zote mbili pamoja. Na tafadhali, msimpeleke kukatwa kimeo ili aongee. Kimeo hakizuii lugha, na kukikata kunaweza kuleta damu nyingi na maambukizi.

Asipobwabwaja kufikia miezi kumi, asipoonyesha kidole wala kupunga mkono kufikia miezi kumi na tano, asipokuwa na neno lolote kwenye mwaka na nusu, au asipounganisha maneno mawili akiwa na miaka miwili, mlete, na uanze kwa kuomba apimwe masikio. Akipoteza maneno au ishara alizokuwa nazo, katika umri wowote, usingoje tarehe ya kliniki.