Wiki 12 au mwaka mzima? Dhana potofu kuhusu muda wa dawa za homa ya ini C

Shangazi yangu wa Ahero alipopewa vidonge vya wiki 12 vya homa ya ini C, ushauri ulimjia kutoka pande mbili. Baba mdogo, anayeishi Minnesota, alipiga simu akisisitiza kwamba wiki hizo hazitoshi, maana yeye alidungwa sindano kwa wiki 48 na nusura zimtoe roho. Jirani naye akamwambia nguvu zikirudi aache, vidonge vitakavyobaki aviweke vya akiba. Mimi hufanya kazi maabara hapa Kisumu. Maneno kama hayo nimeyasikia kwa wengine pia, na huniuma, kwa sababu yanaweza kumnyima mtu nafasi ya kupona.

“Ugonjwa mkubwa hutaka dawa ya mwaka mzima”

Baba mdogo hakudanganya. Alitibiwa enzi za interferoni: sindano kila wiki, na vidonge vya ribavirini kila siku. Wenye jenotaipu (yaani aina ya kirusi) 2 na 3 walipangiwa wiki 24, wenye 1 na 4 wiki 48. Interferoni ilileta homa, maumivu ya viungo na huzuni nzito, nyingine ya kumfanya mtu atake kujiua. Ribavirini nayo ilivunja chembe nyekundu za damu.

Wakati huo, kurefusha au kufupisha dawa lilikuwa swali gumu kweli, na vipimo ndivyo vilivyolijibu. Wiki ya 12 virusi vilihesabiwa upya. Kama havikupungua angalau mara 100, tuseme kutoka 2,000,000 hadi 20,000, dawa ilisimamishwa, kwa kuwa kuendelea kungemtesa mgonjwa bure. Kama vilipungua kiasi hicho lakini bado vinaonekana, kisha vikatoweka kufikia wiki ya 24, mwenye jenotaipu 1 aliweza kuongezewa hadi wiki 72. Na aliyeanza na virusi vichache, vikawa havionekani kufikia wiki ya 4, aliweza kumaliza kwa wiki 24. Damu ilipopungua, daktari hakukimbilia kukata wiki: himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ikishuka chini ya gramu 10 kwa desilita alipunguza ribavirini, ikishuka chini ya 8.5 aliisimamisha. Walioambiwa waache wiki ya 12 wasionekane kuwa walishindwa kuvumilia. Walikuwa wameokolewa na mateso yasiyo na faida.

Dawa ya shangazi ni nyingine kabisa. Interferoni iliuchochea mwili upigane. Vidonge vyake, sofosbuviri na daklatasviri, huzuia kirusi chenyewe kisijizalishe ndani ya ini. Kwa tiba za aina hii, zaidi ya watu 95 kati ya 100 hupona, na wengi hawapati zaidi ya uchovu na maumivu ya kichwa. Wiki 12 zake zimepimwa kwa dawa hizo, hazikukatwa ili kupunguza gharama.

“Nikijisikia vizuri, nimepona”

Homa ya ini C inaweza kukaa mwilini miaka 20 bila mtu kuhisi lolote. Kama hukuhisi ikiingia, utajuaje kwa hisia kwamba imetoka?

Hata kipimo kikisema virusi havionekani wiki ya 4, maana yake ni kwamba vimekuwa vichache kuliko kiwango ambacho mashine inaweza kuona. Vilivyobaki kwenye ini, ukiviachia nafasi, huongezeka tena. Vingine huwa vimejifunza kuikwepa daklatasviri na dawa za jamii yake, na usugu huo unaweza kudumu miaka. Tiba ya pili huwa ngumu na ghali zaidi.

Najua pia kwamba wengi hawaachi kwa ukaidi, huachishwa na nauli. Kutoka kijijini hadi hospitali ya rufaa, ile tunayoiita Russia, ni matatu, pengine na bodaboda, na siku nzima ya biashara imepotea. Basi liseme hilo mapema kwenye kliniki, uombe upewe vidonge vya muda mrefu zaidi kwa safari moja. Ukisahau kidonge cha sofosbuviri na saa 18 hazijapita, kimeze ukumbukapo. Zikipita, subiri saa yako ya kawaida, wala usimeze viwili kufidia.

“Nitajiongezea wiki chache ili kirusi kife kabisa”

Muda hupangwa kabla ya kidonge cha kwanza, kwa kuangalia hali ya ini, dawa utakayotumia na kama uliwahi kutibiwa. Vipimo viwili vya damu vya bei nafuu, kimeng'enya cha AST kinachovuja ini likiumia na idadi ya chembe sahani zinazogandisha damu, husaidia kukisia makovu ya ini. Mwenye ini lililokakamaa kwa makovu kwa kawaida hupewa sofosbuviri na daklatasviri kwa wiki 24, lakini akipewa sofosbuviri na velpatasviri, 12 humtosha mara nyingi. Glekapreviri na pibrentasviri huweza kumaliza kazi kwa wiki 8.

Kinachoharibu tiba mara nyingi ni dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu, au fenitoini na kabamazepini za kifafa, huishusha nguvu ya vidonge hivi kiasi kwamba hata ukiongeza wiki hutafidia. Omeprazoli ya vidonda vya tumbo huipunguza velpatasviri. Beba kila unachomeza, mitishamba ikiwemo, ukionyeshe siku ya kwanza.

“Dawa za ini hazina mwisho”

Hiyo ni homa ya ini B, ambayo huku kwetu ni ya kawaida zaidi, na anayetumia tenofoviri kwa ajili yake asiiache bila daktari. Ya C ina mwisho. Ila B ipimwe kabla ya kuanza tiba ya C, kwa sababu C ikiondoka, B iliyokuwa imetulia inaweza kuamka.

“Kipimo bado ni chanya, niongezewe dawa”

Kipimo cha haraka cha kidoleni hutafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi. Alama hiyo kwa kawaida hubaki hata baada ya kupona. Jibu la kweli ni kipimo cha virusi vyenyewe, wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Visipoonekana hapo, umepona, ingawa unaweza kuambukizwa tena.

Shangazi alipima wiki hiyo, havikuonekana. Karatasi ya majibu ameitia kwenye nailoni na kuiweka pamoja na kitambulisho chake, ili siku atakapodungwa kidole kliniki nyingine na kuambiwa ana homa ya ini C, awe na la kuwaonyesha.