Faili la mama limenenepa, baba hajapimwa

Mama mmoja alifika kliniki akitokea Kyela na mfuko umejaa karatasi: ultrasaundi nne, vipimo vya homoni, picha ya mirija ya uzazi, na risiti za dawa za "kusafisha kizazi". Miaka sita anatafuta mtoto. Nikamuuliza vipimo vya baba viko wapi. "Yeye hana shida, daktari. Ana mtoto nje."

Jibu hilo tunalisikia mno hapa Mbeya, na linapoteza miaka ya watu. Katika karibu nusu ya wanandoa wenye ugumba, mwanaume naye ana sehemu yake. Mtoto aliyezaliwa miaka kumi iliyopita hatuambii lolote kuhusu mbegu za leo. Maambukizi, mishipa ya korodani iliyovimba, hata sindano za testosteroni za kutunisha misuli, vyote vyaweza kuziangusha. Wala nguvu za kiume si kipimo: mtu anaweza kuwa imara kabisa na manii yake yasiwe na mbegu hata moja.

Kipimo chenyewe hakina sindano. Baba anakaa siku 2 hadi 7 bila tendo, kisha anatoa manii kwa mkono kwenye kikopo cha maabara. Kondomu ya kawaida haifai, vilainishi vyake hudhuru mbegu. Sampuli itufikie ndani ya saa 1, ikiwa bado na joto la mwili. Ndiyo maana anayetoka Tukuyu tunamtafutia chumba hapa hapa, na wa Uyole tunamwambia kikopo akae nacho mfuko wa ndani wa koti, asikining'inize kwenye bodaboda. Baridi ya Juni mnaijua wenyewe. Shirika la Afya Duniani (WHO) linatumia mbegu milioni 16 kwa mililita kama kikomo cha chini. Aliye chini ya hapo bado anaweza kutungisha mimba, ila tunamchunguza zaidi. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa, kwa hiyo aliyeacha sigara jana asitegemee majibu mapya wiki ijayo.

Tunahesabu ugumba baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga. Mama akishafika miaka 35, miezi 6 inatosha kuja. Mara kwa mara ni kila siku mbili tatu. Dereva wa lori la Tunduma anayelala nyumbani mara mbili kwa mwezi, mwaka wake bado haujaanza kuhesabika, kwa sababu yai huishi siku moja tu na mbegu hungoja kama siku tano. Yai nalo hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 35 akisubiri siku ya 14, amewahi mno.

Upande wa mama, mambo makubwa ni mawili: yai kutopevuka na mirija kuziba. Yai lisipopevuka, mara nyingi vidonge vya letrozoli au klomifeni husaidia, chini ya uangalizi wa daktari. Mirija mara nyingi huzibwa na makovu ya magonjwa ya zinaa kama klamidia na kisonono, au ya maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Antibiotiki huua vijidudu, kovu linabaki. Hakuna chai, mvuke wala kidonge cha kuingiza ukeni kinachozibua mrija. Vingine huongeza maambukizi. Kinachobaki ni upasuaji kwa baadhi, au kupandikiza mimba iliyotungwa maabara. Huduma hiyo ipo Dar es Salaam, inagharimu mamilioni, na mafanikio yake hushuka umri wa mama unavyosogea.

Yule mama wa Kyela alirudi wiki tatu baadaye na mumewe, kakunja mikono, hasemi. Mbegu za mume zilikuwa milioni 3 kwa mililita. Safari hii faili tulilifungua kwa jina lake.