Madaftari Matano Mezani: Walimu Wakubaliane Kiwango ni Nini

Mtoto wa Gredi ya 4 kule Mathare, Nairobi, ameandika insha ya nusu ukurasa. Kisa kinasisimua, lakini tahajia ni mbovu na nukta hakuna. Mwalimu mmoja anasema amefikia matarajio; mwenzake wa darasa jingine la gredi hiyohiyo anasema bado anakaribia. Wote wawili wametumia rubriki (jedwali la vigezo vya kupima kazi) ileile ya mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019.

Katika mitaa ya mabanda, tofauti hiyo humuumiza mtoto. Kodi ikiwashinda wazazi, au nyumba zikibomolewa kama zilivyobomolewa kando ya Mto Mathare baada ya mafuriko ya 2024, familia huhama katikati ya muhula. Mwalimu wa shule mpya hupokea ripoti, naye hajui "kufikia matarajio" ya huko kulimaanisha nini.

Ndiyo maana tunawahimiza walimu wawe na kikao cha madaftari. Leteni matano, majina yamefunikwa. Kila mwalimu aandike kiwango chake kimyakimya, kisha mfichue kwa pamoja. Mnapotofautiana, hapo msiharakishe. Je, tahajia mbovu inafuta kisa kizuri? Rubriki yenyewe inasemaje? Someni neno kwa neno, mbishane, mkubaliane, kisha mhifadhi daftari hilo liwe mfano. Mwalimu mgeni atajifunza mengi kwa mfano huo kuliko kwa semina ya siku nzima.

Baada ya hapo, pangeni pamoja somo la kuziba pengo mlilogundua. Mmoja afundishe, wengine wawatazame watoto: nani amekwama, na amekwama wapi. Njia hii ina asili ya Japani, na si ngeni kwetu. CEMASTEA, kituo cha mafunzo ya walimu pale Karen, imeifundisha kwa walimu wa hisabati na sayansi.

Shule za APBET, yaani shule zisizo za serikali za mitaa ya mabanda, zisiachwe nje. Watoto wengi wa Kibera na Mukuru husoma humo, na walimu wake hulipwa kidogo na huhama mara kwa mara. Shule ya umma iliyo jirani iwaalike.

Kwa walimu wakuu nina ombi moja zito: msikigeuze kikao hiki kuwa ukaguzi. Alama za TPAD, mfumo wa kutathmini utendaji wa walimu, zikiingia mlangoni, mwalimu ataleta daftari la mwanafunzi wake bora, na lile la mtoto aliyekwama litabaki kwenye mkoba. Tengeni dakika arobaini ndani ya ratiba, kila baada ya wiki mbili, kabla ya walimu kukimbilia matatu.