Kamala Khan hakuwa wa kwanza

Tangu 2014 imekuwa ikirudiwa kwamba Kamala Khan, yaani Ms. Marvel, ndiye shujaa wa kwanza wa kike Mwislamu katika vitabu vya katuni vya Marekani. Si kweli, na inaniuma kwa sababu kosa hili linawafuta waliomtangulia.

Mwaka 2002, katika toleo la 133 la New X-Men, mfululizo wa katuni kuhusu kundi la mashujaa, alitokea Sooraya Qadir, msichana wa Afghanistan anayeitwa Dust. Huvaa abaya na nikabu, na mwili wake hugeuka mchanga unaovuma kama tufani. Mwaka 2008 akaja Faiza Hussain, daktari Mwingereza mwenye asili ya Pakistan. Wote ni wa Marvel, kampuni ileile ya Kamala.

Alichotangulia Kamala ni kingine: ndiye Mwislamu wa kwanza kupewa na Marvel mfululizo wake mwenyewe. Ulianza Februari 2014, ukiandikwa na G. Willow Wilson, ambaye naye ni Mwislamu, na kuchorwa na Adrian Alphona. Kamala ana miaka 16, anaishi Jersey City, na wazazi wake ni wahamiaji kutoka Pakistan. Wakimkataza kwenda kwenye sherehe usiku, anatoroka. Juzuu ya kwanza ilishinda Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za kisayansi na za ajabu, mwaka 2015.

Tofauti hiyo si ndogo. Dust aliishi ndani ya hadithi ya kundi, akipata kurasa chache. Kamala ndiye anayetusimulia, kuanzia nyumbani kwao hadi msikitini.