Je, wajua kwa nini madaktari hutajiana majina kabla ya kupasua?

Mjomba wangu wa Kisauni alipopasuliwa ngiri hakulazwa usingizi. Alidungwa sindano ya mgongoni, akafa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, masikio yakabaki wazi. Kabla kisu hakijagusa ngozi, akasikia watu wote mle thieta wamenyamaza, kisha kila mmoja akataja jina lake na kazi yake.

"Yakhe, watu wafanya kazi pamoja kila siku, hata hawajuani?" alituuliza baadaye.

Wakati mwingine kweli hawajuani, maana zamu hubadilika na wanafunzi huja na kuondoka. Lakini hata wakijuana, kuna faida. Mtu aliyekwisha kufungua kinywa mara moja huona wepesi wa kukifungua tena mambo yakienda kombo. Na mle ndani kusema si rahisi. Mpasuaji ni mkubwa, muuguzi kaajiriwa juzi, nasi tumelelewa kutomkatiza mkubwa maneno. Ni adabu nzuri barazani. Mbele ya tumbo lililo wazi yaweza kuua mtu.

Kunyamaza kule kumo katika orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008. Ina mambo 19, na timu husimama mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatolewa thieta. Ile ya kwanza ndiyo unapoulizwa tena jina lako, unapasuliwa nini na upande gani, ingawa wodini ulishajibu hadi ukachoka. Usikasirike. Mwaka ule wa 2018 tunaoukumbuka Wakenya, katika hospitali moja kubwa ya Nairobi, wagonjwa wawili walichanganywa. Mmoja akafunguliwa kichwa, kumbe damu iliyoganda ilikuwa kichwani mwa mwenzake.

Orodha ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya jirani zetu wa Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini Ontario, Kanada, hospitali zilipotakiwa zote kuitumia, utafiti wa mwaka 2014 katika hospitali 101 haukuona nafuu ya maana. Mimi silioni kuwa fumbo kubwa. Karatasi yaweza kujazwa alama za vema na mtu mmoja pembeni, wenzake wakiendelea na yao.

Kuna na jambo la kurudia. Watu wa bandarini wanalijua: rubani anayeingiza meli Kilindini akiamuru usukani kulia digrii kumi, mshika usukani huitamka amri hiyohiyo kabla ya kuzungusha, kisha huitaja tena usukani ukishafika. Thieta ni vivyo hivyo. Daktari wa nusukaputi akiagiza dawa, anayeitwaa hurudia jina lake na kipimo, na ikishaingia mwilini husema imeingia. "Sawa" haitoshi. Sawa ya nini?

Tena huhesabu kwa sauti, watu wawili pamoja, mkasi kwa mkasi, na vile vitambaa vya kukaushia damu. Vitambaa hivyo hufumwa na uzi unaoonekana kwenye eksirei, endapo kimoja kitapotea na ihofiwe kimebaki tumboni.

Mjomba hiyo hesabu aliisikia ikigoma. Tisa. Wakarudia, tisa tena, na walikuwa wametoa kumi. Mpasuaji alishashika sindano ya kushonea. Sauti ya msichana ikasema, "Daktari, ngoja kwanza." Hakuna aliyemgombeza. Viatu vikasikika vikizunguka meza, karai likaburutwa sakafuni, kisha sauti ileile: "Hiki hapa. Kumi."

Ndipo akashonwa.