Shingo ya nchi: ardhi inayounga bara na kutenga bahari

Ukikuta neno isthmus kwenye ramani ya Kiingereza, kinachotajwa ni shingo ya nchi: ukanda mwembamba wa nchi kavu wenye maji pande mbili, unaounganisha maeneo mawili ya ardhi yaliyo makubwa kuliko huo ukanda. Wengi hukumbuka ule wembamba tu. Lakini ukanda mwembamba unaochomoza baharini na kuishia majini si shingo ya nchi, kwa sababu haukufikishi kokote. Lazima kuwe na ardhi mbele na nyuma.

Ukubwa haujawekewa kipimo. Shingo ya Panama, inayounga Amerika Kaskazini na Kusini, ina upana wa kilomita 50 hivi panapobana zaidi. Ile ya Auckland, New Zealand, ina mahali inapozidi kilomita moja kwa kidogo tu. Wala maji si lazima yawe ya bahari: katikati ya mji wa Madison, Marekani, pamekaa juu ya shingo ya nchi iliyo kati ya maziwa Mendota na Monona.

Neno hili huchanganywa sana na rasi, na si ajabu, maana mara nyingi viwili hivyo huandamana. Rasi huzungukwa na maji pande tatu. Shingo ya nchi ndiyo inayoweza kuishikilia rasi isiwe kisiwa. Peloponnese, kusini mwa Ugiriki, ni rasi. Korintho ndipo penye shingo yake. Mlango wa bahari ni kinyume kabisa: hapo maji ndiyo membamba, yanaunga bahari mbili na kutenga nchi mbili.

Shingo nyingine za nchi hujengwa na mchanga. Mawimbi huurundika kati ya kisiwa na bara hadi kisiwa kikashikana na nchi kavu. Mwamba wa Gibraltar umeungwa na Hispania kwa ardhi tambarare ya namna hiyo, na uwanja wa ndege umejengwa papo hapo.

Panama ni habari kubwa zaidi. Mabamba makubwa ya mwamba yanayounda tabaka la juu la dunia yalisukumana, volkano zikatoa visiwa, mapengo yakajazwa na mashapo (mchanga na matope yanayotuama), na kwa maoni ya wanasayansi wengi njia ya maji ilikuwa imeshafungwa miaka milioni 3 hivi iliyopita. Wanyama wa nchi kavu wakapata njia: farasi, paka wakubwa na jamii ya lama wakashuka kusini, oposumu (wanyama wadogo wanaobeba watoto mfukoni) wakapanda kaskazini. Viumbe wa baharini wakatenganishwa wakati huohuo, kila kundi likabaki upande wake. Hata leo tofauti inaonekana pwani. Upande wa Pasifiki maji hupwa na kujaa kwa zaidi ya mita 5 siku za bamvua, ilhali upande wa Karibi hayafiki hata mita moja. Ndiyo maana naona ni kosa kuieleza shingo ya nchi kama kiungo tu. Ni kiungo kwa anayetembea, ni ukuta kwa anayeogelea.

Kwa mabaharia ukuta huo ulikuwa mzigo. Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, waliburuta mitumbwi yao nchi kavu kuvuka Auckland. Wagiriki wa kale walitandaza njia ya mawe Korintho ili kuvusha vyombo bila kuizunguka Peloponnese yote. Kaisari Nero alianzisha uchimbaji wa mfereji hapo mwaka 67 BK, lakini kazi iliachwa, na mfereji ukaja kufunguliwa mwaka 1893. Ni mwembamba, mita 20 na kitu tu, kwa hiyo meli kubwa za sasa hazipiti. Mfereji wa Suez, Misri, ulifunguliwa mwaka 1869, na kwa kuwa ardhi yake ni tambarare, maji ya bahari hupita moja kwa moja. Panama, ambako mfereji ulifunguliwa mwaka 1914, ina vilima, hivyo meli huinuliwa kwa ngazi za maji (vyumba vyenye milango vinavyojazwa maji) mita 26 hivi hadi ziwa Gatun, kisha hushushwa upande wa pili.

Je, ikishakatwa na mfereji, bado ni shingo ya nchi? Kwa matumizi ya kawaida ya jiografia, ndiyo. Mfereji ni kazi ya mikono ya watu, na jina hufuata umbo la asili la ardhi. Ndiyo sababu Shingo ya Suez bado huandikwa hivyo kwenye ramani, na Afrika na Asia bado huhesabiwa kuwa zimeungana hapo.