Mstari hauanzii kwenye c

Tuelewane: kwenye y = mx + c, mlinganyo wa mstari ulionyooka ambapo m ni mteremko na c ni pale mstari unapokata mhimili wa y, c si mwanzo wa mstari. Mstari hauna mwanzo. Nimechoka kusahihisha grafu zilizokatwa kwenye mhimili wa y kana kwamba kushoto kuna ukuta, na kinachonichosha zaidi ni walimu wenzangu wanaofundisha hivyo hivyo: "Anzia kwenye c, kisha panda."

Mtasema ni maneno tu. Haya, mpeni mwanafunzi jedwali hili: x ni 2, 4, 6, y ni 7, 11, 15. Atawaandikia y = 4x + 7 bila hata kusita. 7 kwa sababu imetangulia, 4 kwa sababu y inaongezeka nne nne. Safu ya x hakuigusa! Na x inaruka mbili mbili, kwa hiyo m ni 4 kugawanya kwa 2, yaani 2. Rudi nyuma hatua moja mpaka x iwe 0, unakuta y ni 3. Mlinganyo ni y = 2x + 3. Wengi huhesabu hapo makosa mawili. Mimi naona moja: ameamini y ina mwanzo wake na mwendo wake, x ni pambo.

Usimsahihishe. Mwambie aweke x = 2 kwenye mlinganyo wake mwenyewe. Atapata 15, jedwali linasema 7, atanyamaza. Akishanyamaza ndipo anasikia: mstari ni nukta zote zinazotimiza mlinganyo, basi. (−4, −5) imo. (1, 6) haimo, hata kama kalamu yako butu imeipitia.

Kuchora hakuna siri: nukta mbili, ya tatu ya kuhakiki, rula, mishale ncha zote mbili.

Kinachonitatiza ni mifano ya muda. Tangi linajazwa maji, dakika haziwezi kuwa hasi, na hapo c ni mwanzo kweli. Inaeleweka haraka, nami naitumia, ila nashuku ndiyo inayotuharibia. Namba tupu nazo zinawalaza darasa zima. Siku hizi nakimbilia halijoto: F = 1.8C + 32. Hakuna anayedhani baridi inaishia kwenye sifuri, na wanafurahi kugundua kwamba −40 ni ile ile kwa Selsiasi na kwa Farenhaiti.

Mkorofi mmoja hakosi kuniambia kwamba halijoto nayo ina kikomo, −273.15. Sawa kabisa. Basi mstari wake uanzie huko, si kwenye 32.